Kitambaa cha Kufutia Kioo

Jua lilikuwa linazama nilipopanda mnara wa taa ya bandari, kule kisiwani, kubadilisha betri. Kazi ndogo tu. Mdogo wangu, mwendesha boti, alibaki chini gatini akipiga mluzi.

"Dada, usikawie! Maji yanakupwa. Tukikwama, utalala na mbu wewe."

Kisiwa chenyewe ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea afya. Mawe, mikoko, na makaburi yasiyo na majina. Zamani meli zilishusha wagonjwa wao hapa ili wasiambukize mji, na wengi hawakuondoka tena. Mlinzi wa mwisho wa taa naye alipotea, sisi mafundi wa bandari tukafunga sola. Taa ikawa inajiwasha yenyewe.

Mafundi wa zamani walituachia desturi moja, nasi tukaicheka: zamu ya taa haiachwi, hupokewa. Anayeondoka humkabidhi anayeingia kitambaa cha kufutia kioo, mkono kwa mkono. Kisipopokewa, haondoki.

Nilipofika juu, nilisikia harufu ya mafuta ya taa.

Mafuta ya taa... kwenye sola?

Mzee mmoja alikuwa amenipa mgongo, anafuta kioo. Kwii... kwii... Nikadhani wakubwa wameleta kibarua bila kuniambia. Hawakosi vituko wale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Hebu nishikie hiki kidogo."

Fundi akipewa kitu juu ya ngazi hupokea kwanza, maswali baadaye. Nikapokea. Kitambaa kilikuwa kimelowa, cha baridi.

Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Mungu akulipe," akanong'ona. "Nimengoja sana."

Akashuka ngazi. Sikusikia hata hatua moja.

Ndipo akili ikanijia. Nikakitupa kile kitambaa. Kikawa bado kiganjani mwangu. Nikakimbilia ngazi, nikashuka mbio, nikashuka...

Nikatokea kwenye kioo kile kile.

Nikashuka tena. Kioo. Nikapiga kelele dirishani mpaka koo likakauka, na mdogo wangu chini anaendelea na mluzi wake. Niliogopa, jamani. Nilitaka nyumbani tu.

Halafu mluzi ukakoma.

"Dada? Mbona kimya?"

Viatu vyake vikaanza kupanda. Vyake nilivisikia, kila hatua. Nikajaribu kumwambia arudi, sauti haikutoka. Akaingia anahema.

"Kumbe uko hapa! Maji yanatukimbia."

Macho yake yakatua mkononi mwangu. Tangu utotoni hajawahi kuniona nimebeba kitu asinipokee. Ndivyo mama alivyomlea.

"Lete nikushikie, dada."

Nikakaza ngumi. Nikatikisa kichwa, machozi yananitoka. Yeye akacheka kidogo, akanyoosha mkono.

Nyuma yake, dirishani, niliiona boti yetu inacheza majini. Ng'ambo, mji ulikuwa umeanza kuwasha taa.

Na vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, vikaanza kufunguka.