Chupa Kutoka Mkononi mwa Delfina

Kengele ya jioni ililia kanisani, kule chini kwenye ukungu, Celso alipozibua pipa lake na kunusa.

Divai ilikuwa imeshuka kidole kizima, na juu yake palikuwa na kaharufu ka siki.

Kule vilima vya Langhe kila mkulima wa zabibu za Nebbiolo anajua kwamba mbao za pipa hunywa divai polepole, na mwenye pipa asipolijaza mpaka mdomoni, hewa huiharibu iliyobaki. Celso alijua tangu utotoni. Alisahau tu. Tangu mkewe Ottavia azikwe mwezi Machi, alikuwa akisahau hata kula. Na hizi zilikuwa zabibu za mwisho walizochuma pamoja, yeye upande huu wa mstari, mkewe upande ule, wakitaniana kupitia majani. Zikigeuka siki, angebaki na nini?

Divai ya kujazia ilipaswa kuwa ya mwaka uleule, ya mteremko uleule. Mwenye nayo alikuwa mmoja tu.

Delfina.

Watu walimwita mchawi. Siku arobaini alikuwa kitandani, akikoroma, na hafi. Ilinong'onwa kwamba mchawi hawezi kukata roho mpaka mtu apokee kitu mkononi mwake, kwa hiari, na kuurithi uchawi pamoja nacho. Ndiyo maana majirani walimwachia supu mlangoni wakatoka mbio. Celso naye alikuwa mmoja wa wakimbiaji hao, tusimsafishe.

Alichukua taa, akashuka kati ya mizabibu.

Ukungu ulimfika magotini. Kimya... Kisha nyuma yake, kwenye majani makavu, hatua.

Akasimama.

Nazo zikasimama.

"Nani huyo?"

Ilikuja harufu tu, ya waridi na lami, harufu ya divai ya Nebbiolo iliyokaa miaka mingi, hapo nje pasipo na pipa wala chupa.

Mlango wa Delfina ulikuwa wazi. Ajuza alilala ubavu, amekonda kabisa, na mkononi ameshika chupa. Celso hakuwa amemweleza mtu yeyote shida yake.

"Umechelewa," Delfina alinong'ona. "Pipa la Ottavia linaharibika."

"Iweke mezani, bibi. Nitaichukua hapo."

Delfina akacheka mpaka akakohoa. "Mezani! Miaka hamsini naambiwa mezani. Hata kwenye harusi yako, Celso, zawadi yangu ulisema niiweke mezani."

"Na nikikataa?"

"Rudi kwako na siki yako. Mimi nitangoja. Unajua mkono unavyoganda usiposhikwa na mtu?"

Alijua. Tangu Machi hakuna aliyeushika wake. Akamwonea huruma yule bibi, akajionea huruma na yeye, akanyoosha mkono, akaipokea chupa.

Vidole vya Delfina vilikuwa vya moto. Homa haichomi vile.

"Asante, mwanangu..."

Pumzi ikatoka, ndefu. Haikurudi.

Celso alijaza pipa jioni ileile. Siku chache baadaye akaonja. Divai ilikuwa kali, ikikausha ulimi, safi bila chembe ya siki. Alilia kwa furaha, peke yake, huku amelikumbatia pipa.

Daktari alisema moyo wa bibi ulikuwa umechoka, basi. Celso alitaka sana kumwamini. Lakini mbwa wake alihamia kwa jirani, na zile hatua sasa zilitembea naye ndani ya nyumba, zikisimama kila aliposimama. Viganja vyake havikupoa tena. Vilikuwa vikiwasha, kama vina kitu vinachotaka kukitoa.

Jumapili binti yake Loredana akaja kutoka mjini Torino, mtu wa kwanza kumtembelea tangu mazishi ya mama yake. Akashuka kwenye gari, akamkimbilia na mikono miwili mbele.

"Baba!"

Viganja vya Celso vikawaka moto. Nyuma yake, ndani, hatua zikaharakisha kuja mlangoni.

Akaificha mikono mgongoni.

"Pita ndani, mwanangu. Divai ya mama yako imepona. Jimiminie mwenyewe."

Loredana alisimama pale uani, mikono bado iko hewani.

"Hata mkono, baba?"