Gari Lililochemsha Likikimbia Tu

Mshale wa joto uligusa mstari mwekundu saa nne na nusu asubuhi. Arvilla Tuttle akaondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari litambae hadi pembeni mwa barabara. Kabla halijasimama, mvuke ulikuwa umeshaanza kufuka chini ya boneti, mweupe, wenye harufu tamu.

"Rulon, usishike kitu."

Kaka yake alikuwa ameshashuka. Rulon alikuwa mfuga kondoo wa miaka sitini na mitatu, mtu ambaye mashine ikimsumbua huifungua kwanza na kufikiri baadaye. Alifungua boneti, akafunika kwa kofia yake kifuniko cha rejeta, tangi la kupozea maji ya injini, akakizungusha.

Maji yaliruka juu kama yametoka kwenye mzinga. Yalimpata mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Aliketi kwenye changarawe ghafla, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Arvilla alimmiminia maji ya baridi juu ya kidonda, mengi, bila kupima, hadi galoni moja kati ya tatu walizobeba ikaisha. Kisha akaufunga mkono kwa shati safi.

"Si nilikwambia usishike?"

"Umeniambia nimeshashika."

Ilikuwa Julai ya mwaka 1984. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa mafuriko, ndiyo maana wakashika hii ya zamani inayokata jangwa la Utah kwenda Nevada, barabara inayoweza kukaa siku tatu bila kuona gari. Nyumba ya mwisho walikuwa wameiacha maili sitini nyuma. Mbele, ng'ambo ya mlima, kulikuwa na ranchi moja, maili arobaini na mbili. Kati yao na ranchi hiyo kulikuwa na vichaka vya kijivu, chumvi, na jua.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la spoti, la Kiingereza, lenye viti viwili na lisilo na paa, na lilitoka kiwandani mwaka 1962. Arvilla alikuwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu. Alilifumua na kulifunga upya kwa mikono yake majira yote ya baridi, na sasa alikuwa akilipeleka kwenye mashindano ya magari ya kupanda mlima. Rulon alikuja kwa sababu mkewe alikataa kabisa wifi yake asafiri peke yake. Kaka na dada hawakuwa wamekaa karibu hivyo tangu mazishi ya mama yao.

"Tuseme ukweli," alisema Rulon. "Hiki ni kidude cha kuchezea. Kimekuchosha, kitupe."

"Hakichemshi bila sababu. Nipe saa moja."

Aliisubiri injini ipoe, akafungua thamostati, kile kidude kidogo kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto. Kikikwama kimefunga, injini hujipika yenyewe. Alikitoa kabisa, akafunga tena, akaongeza galoni moja ya maji. Ikabaki moja.

Waliondoka. Kwa mwendo wa maili sitini kwa saa, mshale ulianza kupanda tena. Arvilla alipunguza hadi thelathini, akitegemea kuuona ukizidi kupanda, maana upepo ulikuwa umepungua. Mshale ukashuka.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona nini?"

"Limepoa! Lingekuwa tatizo la feni, lingechemsha likienda polepole na kupoa likikimbia, kwa sababu ya upepo. Hili linafanya kinyume." Macho yake yaling'aa. "Kwa nini lifanye kinyume?"

"Mimi mkono unaniwaka, wewe unafurahi."

"Sifurahi. Ninashangaa tu."

Walitambaa hivyo kwa saa nzima na zaidi, mshale ukiwa umetulia, hadi chini ya mlima. Hapo ujanja wa mwendo mdogo ukaisha. Mlima ulitaka gia ya pili na injini inayopiga kelele. Hawakupanda hata nusu maili, mvuke ukarudi. Arvilla aliliachia gari lirudi kinyumenyume hadi tambarare, akalizima.

Ilikuwa saa nane mchana. Hapakuwa na kivuli ila kile kilichotupwa na gari lenyewe, nalo lilikuwa fupi kama benchi. Walijikunja hapo wakagawana mkebe wa mapichi, wakanywa na ile sharubati yake hadi tone la mwisho. Nusu ya galoni iliyobaki ilikuwa imeshaingia kooni. Mkono wa Rulon ulikuwa umevimba na kujaa malengelenge, lakini hilo halikumtia Arvilla hofu kama jambo jingine: kaka yake alikuwa ameacha kumtania.

Akaamua kumfanya aongee.

"Nisikilize, kaka. Rejeta nimeipapasa, ina joto sawasawa kila mahali. Ingekuwa imeziba, ningekuta sehemu za baridi. Mkanda umekaza. Pampu haivuji. Na injini ikienda taratibu, maji yanazunguka vizuri. Ikikimbia, hayazunguki. Pampu inayofanya kazi zaidi inawezaje kutoa maji kidogo zaidi?"

Rulon alikuwa amefumba macho. Arvilla alidhani amelala.

"Kama ya kisima changu," alisema hatimaye.

"Kisima gani?"

"Kile cha bondeni. Nilifunga mpira wa maji wa bei rahisi upande wa kuvuta. Pampu ikienda taratibu, maji yanakuja. Ukiiongeza kasi, yanakata. Nilihangaika nayo wiki nzima, nikaitukana mpaka nikaomba msamaha kanisani."

"Ilikuwa nini?"

"Mpira ulikuwa unanyonywa. Unabonyea, unajifunga wenyewe. Upande wa kuvuta lazima mpira uwe na waya ndani."

Arvilla aliinuka. "Unaweza kukaa kwenye usukani?"

"Miguu haijaungua."

Alifungua boneti, akapiga magoti mbele ya gari. Rulon aliwasha. Injini ilinguruma polepole, na ule mpira mnene wa chini, unaotoka kwenye rejeta kwenda kwenye pampu, ulikuwa umejaa, hauna kasoro hata moja.

"Kanyaga mafuta. Zaidi. Zaidi!"

Kelele zilipanda. Mbele ya macho yake mpira ulibonyea katikati, kama shavu la mtu anayenyonya mfupa, pande mbili zikagusana.

"Achia!"

Ukajaa tena.

"Kanyaga!"

Ukanywea. Arvilla alicheka kwa sauti, peke yake, magoti yamezama kwenye changarawe yenye moto. Kisha akaacha kucheka. Alikwenda upande wa dereva, akazima injini.

"Kulikuwa na springi ndani ya mpira wa zamani," alisema. "Nilipoweka mpya mwezi wa pili, springi ilikuwa imeliwa na kutu. Nilidhani ni takataka. Niliitupa."

Rulon alimtazama.

"Mjini huwa naendesha polepole, haikuonekana. Ni mimi, Rulon. Mkono wako ni mimi."

"Kifuniko nilikifungua mimi," alisema Rulon. Mdomo wake uliopasuka ukajikunja taratibu kuwa tabasamu. "Miaka thelathini na tano ya kufundisha fizikia."

"Haya, sema."

"Nimeshasema."

Zizi la zamani la kondoo lilionekana mbali kidogo, nguzo zake zimeegemeana. Arvilla alitembea hadi kule na koleo, akakata waya mgumu usio na miiba, urefu wa mara mbili ya kimo chake. Aliporudi alikuwa akiona vimulimuli vya kizunguzungu. Aliuzungusha waya kwenye mpini wa jeki, mzunguko baada ya mzunguko hadi ukawa springi, akaukunja ncha zote mbili zisitoboe mpira. Kisha akaweka sanduku la chakula chini ya rejeta na kulegeza klipu. Maji ya kijani yakajaa sandukuni.

Rulon aliyakazia macho.

"Hayo huyanywi," alisema Arvilla. "Yana dawa ya kuzuia kuganda. Yanaua figo."

"Najua. Nayatazama tu."

Waya uliingia ndani ya mpira kwa shida. Alikaza klipu, akayarudisha maji yote ya sanduku, lakini rejeta haikujaa; mengi yalikuwa yameruka mlimani. Wote wawili walitazama chupa ya mwisho, nusu galoni ya maji ya kunywa.

"Una hakika?" aliuliza Rulon.

"Nimeuona ukinywea."

"Sikuulizi umeona nini."

Arvilla alifuta jasho lililokuwa limeshakauka kuwa chumvi. "Hapana. Waya unaweza kuteleza. Sina hakika."

Rulon alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua chupa. Alimpa dada yake anywe funda moja, naye akanywa funda moja. Kisha, yeye mwenyewe, akamimina yote yaliyobaki kwenye rejeta.

Walisubiri jua lipungue makali kidogo, wakaanza kupanda. Gia ya pili, injini ikilia. Arvilla hakutazama barabara kama alivyotazama mshale. Ulipanda hadi katikati. Ukasogea kidogo tena.

"Mshale unasemaje?" aliuliza Rulon, amefumba macho.

"Umesimama."

"Na sasa?"

"Umesimama palepale."

Kona baada ya kona aliuliza, na kila mara akajibiwa vilevile, hadi upepo ukabadilika na barabara ikaanza kuteremka kwenda Nevada.

Mwenye ranchi, Graciana Etcheverry, mjane wa Kibaski, wa asili ya milima ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa, mwenye mikono mipana, aliwakuta uani wakinywa moja kwa moja kwenye bomba la kujazia birika la kunyweshea ng'ombe. Aliutazama mkono wa Rulon, akaenda kuleta funguo za pikapu yake, akawapeleka kwa daktari.

Kesho yake, baada ya kifungua kinywa, Arvilla alimtafuta kaka yake ndani ya nyumba na kumkosa. Alimkuta uani. Alikuwa ameinua boneti kwa mkono mmoja na kuiegemeza kwa fimbo, mkono mwingine ukining'inia kifuani, umefungwa bendeji nyeupe.

"Mashindano yanaanza saa tatu," alimwambia. "Tukiondoka sasa tutawahi."

Rulon hakugeuka. Alinyoosha kidole ndani ya injini, kwa uangalifu, bila kugusa.

"Villa, na hiki hapa kinafanya kazi gani?"

Arvilla alitazama saa yake. Akaivua, akaitia mfukoni, akaja kusimama begani kwake.

"Wewe unadhani kinafanya nini?"

Rulon akainama, akasogeza uso karibu zaidi.