Tishati za Mzee Osundwa

Kila Jumamosi, kama nyumbani hakuna kufua wala kupalilia, Pascalia alikuwa akiendanga studio ya baba yake mdogo, Cornelius, pale mjini Kakamega karibu na soko. Kazi yake haikuwa kubwa. Anafagia, anapanguza fremu, anawaambia wateja, "Kaeni kidogo, anamalizia," hata kama Cornelius mwenyewe hajaanza. Akimaliza anapewa soda na mandazi, halafu anakalia kile kiti cha kuzunguka, anazunguka mpaka kichwa kimuume.

Mwaka huo Cornelius alikuwa amenunua kamera mpya. Si kama ile yake ya zamani, ya kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka picha ikae sawa. Hii ilikuwa inajitafutia yenyewe mahali pa kuangalia, na mgongoni ilikuwa na kioo cha kugusa, kama simu. Siku alipoileta aliibeba kwa mikono miwili, vile watu hubeba mtoto wa kwanza. Na Jumamosi moja, wateja wakiwa wachache, akamwita Pascalia.

"Skiza, Paska. Kamera hii ina akili, lakini ni akili ya mtoto mdogo. Ikiona uso, inaukimbilia. Ukitaka iangalie mtu fulani, usiiachie ichague. Mguse huyo mtu kwa kidole, hapa kwenye kioo. Unaona hiki kisanduku? Kikigeuka kijani, ndiyo unabonyeza. Ukishapiga, fungua picha, ipanue kwa vidole viwili uangalie macho ya mtu kama yako wazi. Umeelewa?"

"Najua, baba mdogo."

Lakini macho ya Pascalia yalikuwa nje, barabarani. Bodaboda moja ilikuwa inapita imebeba kochi, na mwenye kochi amekalia kochi lake huko juu, miguu inaning'inia, anasalimia watu. Kitu kama hicho, ni nani angeacha kuangalia?

"Nimekuuliza kama umeelewa," Cornelius akasema. "Sikuuliza kama unajua."

"Nimeelewa. Hata simu ya mama iko hivyohivyo."

Basi. Mambo yakaishia hapo, na mandazi yakaliwa.

Agosti ilipofika, familia yote ikakutana kwa Kukhu Zipporah, kule upande wa Isecheno, mahali shamba linaisha na msitu unaanza. Kukhu ni nyanya, kwa wale hawajui. Ilikuwa kumbukumbu ya Mzee Osundwa, mume wake, aliyetangulia mwaka uliopita. Kulia kulikuwa kumekwisha. Hii ilikuwa siku ya kushukuru, na kula, na kupigiwa ngoma za isukuti mpaka mtu aliye na goti baya asahau kwamba goti ni baya.

Wale wa Nairobi walikuja na gunia la tishati nyeupe. Kila tishati ilikuwa imechapwa uso wa Mzee hapo kifuani, uso mkubwa kama sinia, anacheka na pengo lake. Wakubwa wakavaa, wadogo wakavaa, hata mtoto wa kubebwa akavalishwa moja ikamfika kwenye vidole vya miguu. Ni Kukhu peke yake aliyekataa.

"Huyo mtu nimembeba miaka yote hiyo," akasema. "Leo nipumzike. Nitavaa gauni yangu."

Kitu Kukhu alichotaka siku hiyo kilikuwa kimoja tu. Alitaka picha. Yeye katikati kwenye kiti, na watoto wake wote wamemzunguka, hata Christine. Senje Christine, dada ya baba yake Pascalia, alikuwa anafanya kazi Uarabuni, na kesho yake usiku alikuwa anapanda ndege kurudi huko. Atakuja tena lini, hakuna aliyejua.

"Picha yangu iliyo ukutani ni ile ya kitambulisho, wakaikuza," Kukhu alikuwa akiambia kila mtu. "Nimetoa macho kama mtu amefumaniwa na kuku ya jirani. Nikienda leo, ndiyo hiyo mtanikumbuka nayo?"

Cornelius akatoa kamera yake, akaweka ile lenzi ya studio, ile inaonyesha kitu kimoja waziwazi na vingine inavififisha. Kukhu akamnyooshea fimbo.

"Na wewe uko wapi kwa picha? Kila siku wewe ni wa kupiga. Mimi nilizaa kamera ama nilizaa mtu? Njoo hapa!"

Watu wakacheka. Cornelius akaangalia huku na huku, akamwona Pascalia.

"Paska, ile kitu nilikuonyesha bado unakumbuka?"

"Najua, baba mdogo!" Na kamera ikaning'inizwa shingoni mwake mbele ya watu wote, akahisi amekuwa mrefu.

Kupanga watu kulikuwa kazi. Kukhu kwenye kiti, watoto wake nyuma, wajukuu kando. Tatizo lilikuwa Barasa, mume wa Senje Christine. Barasa ni mtu wa mwili, na tumbo lake humtangulia kila mahali. Tena yeye ni mkwe, na huko kwetu mkwe hasongani na mama mkwe. Hiyo ni heshima.

"Barasa, sogea nyuma!"

"Nyuma ni karibu na mama," Barasa akasema, anaona haya.

"Basi kaa kando!"

"Kando pia ni karibu na mama."

Mwishowe akakaa chini kwenye nyasi, mbele kabisa, mbali na kiti cha Kukhu na karibu na kamera, na watoto wadogo wakajipanga kumfuata. Tishati ilikuwa imembana. Uso wa Mzee ulikuwa umevutika huku na huku, ukawa mnene kuliko Mzee alivyowahi kuwa maishani mwake.

Pascalia akainua kamera. Kwenye kioo, kisanduku kikaanza kurukaruka. Kikaruka hapa, kikaruka pale, kama panzi. Akakumbuka kwamba kuna kitu cha kufanya na kidole. Lakini kitu gani? Kugusa wapi? Mara moja, ama mara mbili?

"Wee Paska, usitukate vichwa!" akapiga kelele Osiako, binamu yake, kijana wa rika lake aliyejua kuchokoza kuliko kusoma.

"Nyamaza wewe, huoni nafanya kazi?"

Angeweza kuuliza. Cornelius alikuwa palepale, hatua chache tu. Lakini atauliza vipi na watu wote wanamwangalia? Kisanduku kikatulia mahali, kikageuka kijani. Akabonyeza. Akabonyeza tena na tena. Akaangalia picha kwenye kioo, ndogo hivi, akaona watu wote wako na vichwa vyao viko.

"Zimetoka!" akasema. Wakampigia makofi, wakatawanyika kwenda kula.

Na chakula kilikuwa chakula. Obusuma ya moto, yaani ugali, mboga ya kienyeji, na ingokho, kuku wa Kukhu mwenyewe, si wale wa kununua. Kukhu akamwita Pascalia mbele ya wazee, akachukua kipande kutoka bakuli lake, akamwekea kwenye sahani. Ilikuwa imondo, firigisi yenyewe, ile ambayo siku zote ni ya mwenye boma.

"Mzee hayuko," Kukhu akasema. "Leo imondo ni ya huyu, aliyenipatia picha."

Wazee wakaguna, lakini hakuna aliyebisha. Pascalia akaenda na sahani yake nyuma ya jikoni ili ale polepole, aone utamu. Kamera ilikuwa bado shingoni. Akaifungua picha, na kwa hamu ya kujiona fundi akaweka vidole viwili kwenye kioo, akaipanua.

Tumbo la Barasa lilikuwa wazi kabisa. Mpaka nyuzi za tishati zilionekana. Uso wa Mzee Osundwa ulikuwa unang'aa, na pengo lake, na furaha yake yote. Lakini Kukhu, pale nyuma kwenye kiti, alikuwa kama moshi. Hana macho wala mdomo. Senje Christine, moshi. Cornelius, moshi. Akafungua ya pili, ya tatu, zote. Moshi mtupu, na tumbo.

Osiako akaja anatafuna mfupa. Akachungulia, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaona uso wa Pascalia, akaacha kucheka.

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui."

"Zifute. Sema memori kadi imekataa. Nani atajua?"

Upande wa barabara, gari ya kukodi ya kuwarudisha wale wa Nairobi, pamoja na Senje Christine, ilikuwa imeanza kupakiwa. Onesmus, dereva, alikuwa anapiga honi na kulalamika kwamba giza litawakuta Nakuru. Juu ya msitu mvua ilikuwa inajipanga. Pascalia alijua dakika chache tu na wote watakuwa wameenda, na kadi ikikataa, si kadi imekataa? Vitu vinaharibikanga. Hakuna atakayemchapa.

Akauma ile imondo. Akairudisha kwenye sahani. Kwa dirisha la jikoni alisikia Kukhu akiambia wanawake, "Nitaiweka pale mkiingia tu. Hii ya kitambulisho nitaitoa, nitaichomea chai." Na wanawake wakacheka.

Pascalia akaweka sahani chini, akakimbia.

Gari lilikuwa linanguruma, mlango umefungwa. Akasimama mbele yake, mikono ameitanua.

"Msiende! Msiende!"

"Ah! Huyu mtoto anataka kukanyagwa?" Onesmus akafoka.

Senje Christine akatoa kichwa dirishani. "Kuna nini, Paska?"

Watu wakajaa. Kukhu naye akafika na fimbo yake. Pascalia alitamani ardhi impokee, lakini ardhi ilikaa kimya tu.

"Picha zimeharibika," akasema. "Zote. Mimi ndiye nimeziharibu. Nilisema najua, na sikuwa najua. Hata siku ile studio sikuwa naskiza. Kukhu, hauonekani. Ni tumbo la Barasa peke yake."

Cornelius akachukua kamera, akapanua picha. Akaangalia. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mama," akasema, "ebu ona."

Kukhu akasogeza uso karibu na kioo. Akamwona mume wake amenenepa, anacheka, na watu wengine wote wamekuwa ukungu nyuma yake.

"Huyu mtu!" akasema Kukhu. "Alipokuwa hai, kila picha lazima awe mbele. Sasa ameenda, na bado ananifunika!"

Hapo ndipo vicheko vilipopasuka. Senje Christine alicheka mpaka akafungua mlango wa gari, akashuka. "Wote tushuke! Siendi Uarabuni na picha ya tumbo la mume wangu." Barasa mwenyewe akajificha uso kwa kofia. Hata Onesmus akazima gari, akisema, "Haraka basi, mvua hiyo."

Pascalia akampa Cornelius kamera. Cornelius akamrudishia.

"Uliiharibu wewe, utaitengeneza wewe. Uliza kitu hujui."

Safari hii Pascalia hakuona haya. "Kwa nini kisanduku kilienda kwa Barasa?"

"Kamera haijui mama yangu ni nani. Iliona nyuso za Mzee kila mahali, ikashika ule mkubwa, ulio karibu. Wewe ndiye unajua ni nani tunamtaka. Kwa hivyo iambie kwa kidole."

"Nikishagusa, nikiache kidole ama nikiondoe?"

"Gusa, uondoe. Na kwanza upanguze hayo mafuta ya kuku, kioo hakitakuskia."

Akanawa, akapanguza kidole kwa leso ya Kukhu. Cornelius akageuza kitu kidogo kwenye lenzi, akasema sasa itaona wa mbele na wa nyuma vizuri, mradi wasongane. Watoto wakaitwa miguuni pa Kukhu kabisa. Barasa akapelekwa nyuma, mwisho wa mstari, ambako heshima yake haikuvunjika na tumbo lake lilikingwa na watu wawili.

Pascalia akaugusa uso wa Kukhu kwenye kioo. Kisanduku kikamkalia pale, hakikuruka. Kikageuka kijani. Akabonyeza polepole. Kabla hajasema neno akaifungua picha, akaipanua, akatafuta macho ya Kukhu. Yalikuwa hapo, na mikunjo yake, na mvi za nyusi. Akasogeza kwa Senje Christine, kwa baba mdogo, kwa kila mmoja, mpaka kwa Barasa.

"Sasa zimetoka," akasema, na tone la kwanza la mvua likamwangukia puani.

Gari likaenda, watu wakipunga mikono. Waliobaki wakakimbilia barazani. Cornelius akakaa karibu na Pascalia.

"Sikukasirika juu ya picha," akasema. "Picha inapigwa tena. Kimeniuma ni ile 'najua, najua' yako. Siku ile ungeniambia hukuskia, ningerudia, basi. Na leo ungenyamaza tu, mama yangu angebaki anangoja picha ambayo haiji. Lakini ulikimbia ukasema ukweli wakati bado tunaweza kutengeneza. Hiyo nimeiona, na sitaisahau."

"Mtu akisema hajui, hakuna kitu kimempunguka," Kukhu akaongeza, anajifunika shali. "Watu watamwonyesha tu. Mimi na uzee huu bado nauliza. Ebu leta hiyo kamera. Sijui hata inawashwa wapi. Nataka kumpiga Cornelius, yeye peke yake."

Pascalia akaanza mwanzo kabisa, bila haraka. Kukhu akagandamiza kioo kama mtu anayeua kiroboto.

"Polepole, Kukhu. Si kufinya, ni kugusa."

"Hapa?"

"Hapo, kwenye uso wake. Sasa uondoe kidole."

Kisanduku kikageuka kijani. Kukhu akabonyeza, akaipanua picha kwa vidole viwili, akayaangalia macho ya mwanawe kwa muda mrefu, mvua inapiga mabati.

"Ametoka," akasema.