Patenti ya Watu Wawili

Sindano ilikuwa imekwisha kutiwa uzi.

Honorine alifungua mlango wa chumba chake cha kushonea, nyuma ya soko la Uvira, akaketi mbele ya mashini, akauona: uzi mweusi, umepita tunduni na kuning'inia kama ulimi. Nyinyi msioshona mtasema, basi kuna nini? Nitawaeleza mimi, na toka hapa mpaka Makobola hamtapata wa kuwaeleza vizuri kunizidi. Mshonaji aliyefundishwa na masista hafungi kazi jioni na uzi ndani ya sindano. Huuchomoa, huuviringa, huuweka mkebeni. Tena Honorine hakuwa na uzi mweusi. Alikuwa na mweupe, na wa buluu, na mwekundu kidogo wa kutarizi. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa shingoni mwake.

Chumba kilinuka pembe ya ng'ombe iliyoungua.

Ilikuwa siku ya tatu tangu apate patenti. Mwaka wa nne wa uhuru, Wabeleji wameondoka, wakubwa wapya wakasema kila anayejifanyia kazi mwenyewe, awe muuza ndagala, dagaa wa ziwani, awe fundi viatu, aende biro, ofisini kwa serikali, akaandikwe, alipe kodi ya kazi yake, apewe patenti, karatasi yenye kashe, ule muhuri wa serikali. Karani alikuwa Jean-Berchmans. Zamani alifagia biro ile ile. Sasa amekalia kiti. Kashe yake aliipenda kuliko watoto wake. Kabla ya kuipiga aliipulizia pumzi, hah! kama mtu anayesafisha miwani.

"Kazi?"

"Kushona."

"Muko wangapi?"

Hapo ndipo ubaya ulipoingia, na uliingia kwa adabu. Honorine alikuwa peke yake. Mume wake, Félicien, alivuka mpaka kwenda Usumbura kutafuta kazi na hakutuma hata salamu. Lakini mama yake, mwanamke wa Runingu, alimlea vizuri: mwanamke hasemi "niko peke yangu". Hamwambii mwanamume anayebisha mlango, wala mpita njia, wala sauti inayoita kutoka kwenye matete ya mto Ruzizi. Anasema "tuko". Wawili, angalau. Kwa sababu wanaosikiliza si watu tu.

"Tuko wawili," akasema.

"Wa pili ni nani?"

"Wa pili?"

"Mama, serikali haiandiki upepo. Leta jina."

Nyuma yake mstari ukaanza kelele. "Weye mama, taja bwana yako, jua iko inatuchoma!" Watu wakacheka.

"Sévère," Honorine akasema.

Hakuwahi kumjua mtu wa jina hilo. Lilimjia mdomoni tayari limetafunwa, kana kwamba mtu amemnong'oneza. Jean-Berchmans akaandika Honorine, akaandika Sévère chini yake, akapuliza, akapiga kashe mpaka meza ikaruka.

"Sasa muko watu wa sheria," akasema.

Basi baada ya ule uzi mweusi zikaanza sauti. Kule kwetu, toka saa sita mpaka saa nane mchana, joto hufunga milango yote, hata mbwa hulala. Honorine alikuwa anakula kwa jirani yake Marie-Jeanne, muuza ndagala. Siku hiyo wamenyamaza wanakula, wakasikia ng'ambo ya ukuta: tki-tki-tki-tki, mashini inakwenda, inasimama, mkasi unalia, inakwenda tena.

"Umeajiri muntu?" Marie-Jeanne akauliza.

"Hapana."

"Sasa ule ni nani?"

Wakaenda wote wawili. Mlango umefungwa. Walipoufungua gurudumu lilikuwa bado linazunguka, kiti kina moto wa makalio ya mtu, na mezani kuna shati jipya la khaki, limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo na sawa kuliko ya masista wenyewe. Hakuna aliyekileta kitambaa hicho. Hakuna aliyeliagiza shati.

Kesho yake akaja Kizito, shofere wa kamiyo, lori la njia ya Fizi, mtu wa kelele na utani.

"Mama Honorine! Shati langu iko tayari, eh?"

"Nani alikuambia?"

"Muntu wako. Ule wa sauti ya chini. Alinipigia hodi garini, akasema pita kesho."

"Ana sura gani?"

Kizito akakunja uso, akafikiri. "Ujue, sikumuangalia," akasema, na kwa mara ya kwanza mtu yule hakucheka. Akalivaa shati. Halikubana popote, ingawa hakuna aliyempima. Siku mbili baadaye kamiyo yake ilianguka chini ya Makobola, kwenye mawe ya ziwa, na walipotafuta nguo ya kumzikia hawakuhangaika, maana shati lile halikuwa limechanika hata uzi mmoja.

Mchana wa mazishi mashini ilianza kazi nyingine.

Ilikuwa gauni. Siku ya kwanza Honorine alikuta mgongo wake tu. Siku ya pili kifua. Akachukua utepe wake wa kupimia, akapima kiuno cha lile gauni, kisha akajipima mwenyewe, kisha akapima mabega, akajipima, kisha urefu toka kiunoni mpaka gotini, na kila alipopima namba ilikuwa ile ile, ile ile, mpaka alipofika penye bega la kushoto, ambalo yeye alizaliwa nalo limeshuka kidogo na ambalo hata mama yake alikuwa amelisahau, akakuta na la gauni limeshuka.

Alilichoma kwenye jiko la makaa. Kesho yake lilikuwa mezani, na mkono mmoja umeongezwa.

Akamtuma Marie-Jeanne Makobola amwite Mukansanga, mama mzee aliyetoa majini katika nyumba za pwani yote. Mukansanga alikuja na mafurushi yake, akaingia, akanusa, akatoka kinyumenyume.

"Nani alimukaribisha?"

"Hakuna, mama."

"Usinidanganye, mwanangu. Hii haikuvunja mlango." Macho yake yakaenda ukutani, ambako patenti ilitundikwa kwa misumari minne. Hakujua kusoma hata herufi moja. Akaweka kidole juu ya jina la chini, akakiondoa upesi. Ukucha ulikuwa umegeuka mweusi, na ile harufu ya pembe ikajaa.

"Mimi nafukuza aliyeingia kwa wizi," akasema polepole. "Huyu mumemuandika. Ana karatasi. Nikimuambia toka, ataniuliza karatasi yangu iko wapi."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudi pale pale. Mbele ya kitabu kile kile. Sema kwa mdomo wako: niko peke yangu. Lakini fanya haraka. Akimaliza kola ya hilo gauni, wa kuondoka si yeye."

Honorine alikwenda kesho yake. Biro ilijaa wanaume.

"Nataka ufute muntu," akamwambia Jean-Berchmans.

"Amekufa?"

"Hapana."

"Amehama?"

"Hapana."

"Basi leo uko peke yako?"

Wanaume wote wakageuza vichwa kumwangalia mwanamke atakayejibu swali hilo hadharani, na Honorine akasikia nyuma ya shingo yake pumzi ya mtu mrefu, baridi, inangojea kama wao, na maneno yale matatu ambayo mtoto wa shule angeyasema yakagonga meno yake yakarudi, kwa sababu kila kitu alichofundishwa tangu ananyonya kilikuwa kimesimama mlangoni kuyazuia.

"Tuko wawili," akasema. "Lakini..."

"Si muko wawili! Mama, usinichezee kashe yangu. Anayefuata!"

Alilia njia nzima. Na hata kabla hajapata moyo wa kurudi, mwezi wa tano waasi walishuka kutoka milimani, majani vichwani, na Jean-Berchmans akakimbia kuelekea Burundi. Kitabu alikiacha kikachomwa. Kashe alikimbia nayo mfukoni. Watu walimwona ameishika kama yai. Honorine alitaka kukimbia pia. Alifika mtoni, akageuka nyuma kuaga mji, akaona gauni limetandazwa juu ya matete, mkono wa pili umekwisha. Akarudi. Angekwenda wapi ambako halitamfuata?

Kilichobaki ni kola.

Ndipo mpiga mbiu wa waasi akapita sokoni: karatasi za serikali ya zamani ni takataka, kila fundi na kila mchuuzi ajiandikishe upya barazani kwa biro, asubuhi. Honorine alicheka mpaka Marie-Jeanne akamziba mdomo. Kitabu kipya! Safari hii hatatetemeka. Walipanga mstari pamoja, yeye mbele, Marie-Jeanne nyuma na kikapu chake, na muda wote Honorine alikuwa ananong'ona kama mtu anayekariri katekisimu: niko peke yangu, niko peke yangu, niko peke yangu.

Karani wa waasi alikuwa Herménégilde, mwalimu wa zamani, miwani yake ina kioo kimoja.

"Kazi?"

"Kushona, nyuma ya soko. Na niko peke yangu!" Alisema kwa sauti, wote wakasikia. Kifua chake kikawa chepesi.

Herménégilde hakuandika. Alirudisha ukurasa mmoja.

"Kushona, nyuma ya soko," akasoma. "Hiyo imekwisha kuandikwa. Alikuja kabla ya watu wote, jua halijatoka. Sévère. Nilimuuliza muko wangapi, akajibu bila haya: niko peke yangu. Mwenzangu Honorine amekufa."

"Honorine ni mimi!"

"Mimi sikujui, mama. Uko na shahidi?"

Karatasi ya Sévère ilikuwa mezani, wino unang'aa bado, haijapigwa kashe mpya ya waasi. Na kutoka upande wa soko, juu ya kelele za watu, Honorine aliisikia mashini, tki-tki-tki-tki, haraka, haraka zaidi, kama mtu anayemalizia mshono wa mwisho kabla mteja hajaingia. Akamshika Marie-Jeanne mkono, akamvuta mpaka mezani.

"Muambie! Dada yangu, muambie unanijua!"

"Kumbe simujui?" Marie-Jeanne akasema kwa hasira. "Karani, minye nakula na huyu kila siku. Huyu ni Ho..."

Herménégilde alikuwa na mstari mrefu na jua limeanza kuchoma. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka. Kashe ikaanguka.

Kule sokoni mashini ikanyamaza.

Marie-Jeanne alibaki mdomo wazi. Akauangalia mkono wake, ambao vidole vya Honorine vilikuwa vimeushika mpaka ngozi ikabonyea, akaukuna, akahamisha kikapu kwenda upande wa pili.

"Nilikuwa nasema nini?" akauliza.

"Sijui," Herménégilde akasema. "Ni zamu ya nani?"

"Yangu," Marie-Jeanne akajibu, akasogea. "Mbele yangu hakuna muntu."