Hakuna Bahari Kati Yetu na Loth

Mwezi wa sita kijiji chetu cha Kate huwa na baridi ya kung'ata. Wageni wakipanda huku juu kutoka bonde la Rukwa hutetemeka, na sisi huwacheka. Katika baridi hiyo Mama Coleta alikuwa ameketi juani, mgongo ukutani, anafuma sweta. Mumewe, Mzee Baltazari, alikuwa anapura ulezi uwanjani. Binti yao Debora, wa darasa la sita, alikuwa anapepeta.

Sweta ilikuwa ya Loth, mtoto wao wa kwanza. Loth alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo nje ya nchi. Alikuwa ameondoka mwaka uliopita kwa ndege.

“Fuma nene, Mama Loth,” alisema Baltazari. “Ulaya kuna barafu. Mtoto asije akaganda.”

“Nafuma nene,” alijibu Coleta. “Ila itafikaje huko, baba? Si kuna bahari katikati?”

“Bahari kubwa sana. Hili ziwa letu la Tanganyika ukiliweka mle, halionekani.”

Coleta aliacha kufuma. Kaka yake alizama ziwani upande wa Kabwe, upepo ulipopindua mtumbwi wao. Mwili haujapatikana mpaka leo. Tangu hapo Coleta aliogopa maji yote yasiyoonyesha ng'ambo. Kila jioni alisali rozari moja kwa ajili ya Loth na ile bahari.

Debora aliweka ungo chini. “Mama, kaka hayuko Ulaya. Siku ile akipanga nguo aliniambia anakwenda Algeria. Mwalimu Salome ametuonyesha kwenye ramani. Algeria iko Afrika.”

“Nyamaza wewe!” Baltazari alikemea. “Mtu amepanda ndege, amevuka mawingu, halafu useme yuko Afrika? Afrika si ndiyo hapa tulipo? Nani anapanda ndege kwenda mahali alipo?”

“Lakini baba, Afrika ni kubwa...”

“Nimesema nyamaza! Unataka watu wa Kate wanicheke?”

Debora alichukua ungo wake akaendelea kupepeta. Sasa mtoto angefanya nini tena? Coleta naye alimwamini mumewe, akarudi kwenye sweta yake.

Hapo ndipo penye tatizo, ndugu msomaji. Baltazari hakuwa mtu mbaya. Alilima vizuri, alisomesha watoto, na pombe hakuizidisha. Ila alipenda sifa. Kila Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa, mikono nyuma, akingoja aulizwe.

“Mzee Baltazari, Loth hajambo?”

“Hajambo huko Ulaya!”

Loth mwenyewe alikuwa amemtajia baba yake jina la nchi na jina la mji. Baltazari aliyasikia, akayaacha yapite. Algeria aliona halina uzito, lakini neno Ulaya lilijaza mdomo.

*

Msimu wa kulima ulipofika, Coleta alianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Walimpeleka hospitali mjini Sumbawanga. Daktari alisema moyo wake umedhoofika sana. Akampa dawa, akamwambia Baltazari ukweli pembeni: “Mpeleke nyumbani akae karibu na watoto wake.”

Coleta naye alijua. Mgonjwa hujua. Alipolazwa kitandani kwake Kate, aliomba kitu kimoja tu.

“Baba Loth, nataka nisikie sauti ya mwanangu.”

Ombi dogo, lakini lilikuwa na kikwazo. Mwezi huohuo simu ya Baltazari ilikuwa imetumbukia kisimani wakati akichota maji. Laini nayo ilisajiliwa kwa jina la Loth, kwa hiyo hawakuweza kuirudisha bila Loth mwenyewe. Namba ya Loth ilikuwa mlemle ndani ya simu. Hakuna mtu nyumbani aliyeijua kichwani.

“Baba,” Debora alisema taratibu, “tuwaulize watu wa Algeria.”

“Tena unaanza?” Baltazari alifoka. Akavaa koti, akapanda basi kwenda Sumbawanga.

Katika mtaa wa Majengo kulikuwa na kijana aitwaye Marselino. Alikuwa na duka la kuchapa na kutuma barua kwa kompyuta. Alimkaribisha Baltazari kwenye benchi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Nitafutie mwanangu. Yuko Ulaya.”

“Ulaya nchi gani, mzee?”

“Ulaya, kwa wazungu.”

Marselino alikuna kichwa. “Mzee, Ulaya kuna nchi nyingi. Ujerumani, Poland, Italia...”

Jina la Algeria lilimfika Baltazari mpaka kwenye ulimi. Lakini kwenye benchi lile alikuwepo Tadei, mtu wa Kate, mwanakwaya mwenzake. Tadei alikuwa amelisikia neno Ulaya Jumapili zote hizo. Baltazari alimeza jina.

“Anza na Ujerumani,” alisema. “Mapadre wengi wa zamani walitoka huko.”

Basi Marselino aliandikia Watanzania walioko Ujerumani. Walijibu baada ya siku kadhaa kwamba hawamfahamu. Akaandikia walioko Italia, kisha Poland. Kijana wa watu alihangaika kweli, na bila kutoza chochote. Lakini utampataje mtu mahali asipokuwepo?

Na kila jioni Baltazari aliporudi, sauti ya kitandani ilimuuliza, “Umempata?”

“Wanamtafuta, Mama Loth. Ulaya ni kubwa.”

“Ni hiyo bahari,” Coleta alisema. “Mimi najua. Sauti haiwezi kupita maji yote hayo.”

*

Mwalimu Salome alifika kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa jirani yao, na ndiye aliyemfundisha Debora jiografia. Alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alimnywesha Coleta vijiko viwili vitatu, kisha akatoka nje.

“Mzee Baltazari, Loth anajua kuwa mama yake yuko hivi?”

“Hajui. Tumemtafuta Ulaya yote, mwalimu.”

“Ulaya? Si alikwenda Algeria? Alipokuja kuniaga aliniambia.”

Debora alikuwa anaosha vyombo. Aliinamisha kichwa. Baltazari naye aliangalia viatu vyake.

“Mwalimu,” alisema mwishowe, “hiyo Algeria si huko huko Ulaya?”

Salome hakumcheka. Alimshika mkono, akampeleka shambani nyuma ya nyumba. Huko yalikuwepo matuta ya duara, yale ya kufukia majani ambayo Wafipa tumeyalima tangu mababu.

“Tazama, mzee. Tuseme shamba hili lote ni dunia, na mvua imenyesha sana, maji yamejaa kila mahali katikati ya matuta. Hayo maji ndiyo bahari. Kila tuta ni bara. Mabara yako saba.” Alianza kutembea akiyagusa kwa fimbo. “Hili kubwa kuliko yote ni Asia. Huko kuna India, mji mkuu New Delhi, na China, mji mkuu Beijing. Hili linalofuata kwa ukubwa ni Afrika, letu. Hili ni Amerika Kaskazini. Na hili ni Amerika Kusini, lenye Brazil, mji mkuu Brasilia. Lile kule la mwisho ni Antaktika, barafu tupu, halina nchi wala mji. Hili dogo ni Ulaya.”

“Ulaya ni dogo hivyo?”

“Dogo, lakini lina nchi zaidi ya arobaini. Ujerumani, mji mkuu Berlin. Poland, mji mkuu Warsaw. Kumwambia mtu ‘tafuta Ulaya’ ni sawa na kumwambia ‘tafuta Afrika’. Atabisha hodi kwa nani?”

“Umetaja sita,” alisema Debora, aliyekuwa amewafuata. “Bado Australia.”

“Ahsante, mwanangu. Australia ni lile pale kwenye kona. Sasa panda juu ya tuta la Afrika, mzee.”

Baltazari alipanda, mzee mzima, na viatu vyake vya matope.

“Afrika ni bara, siyo nchi,” Salome aliendelea. “Ina nchi hamsini na nne. Uliposimama ni kusini kidogo ya katikati, Tanzania, mji mkuu Dodoma. Jirani zetu Zambia, mji mkuu Lusaka. Kongo, ng'ambo ya ziwa, mji mkuu Kinshasa. Burundi, mji mkuu Gitega. Sasa tembea kwenda kaskazini. Uganda, mji mkuu Kampala. Sudani Kusini, mji mkuu Juba. Jamhuri ya Afrika ya Kati, mji mkuu Bangui. Chad, mji mkuu N'Djamena. Niger, mji mkuu Niamey. Hapo mchanga wa jangwa. Piga hatua moja tena. Hapo. Hiyo ndiyo Algeria, mji mkuu Algiers. Ndiyo nchi kubwa kuliko zote za Afrika.”

Baltazari alitazama miguu yake. Bado alikuwa juu ya tuta lilelile.

“Sijavuka maji,” alisema.

“Hujavuka. Ni mbali sana, lakini ni nchi kavu mpaka mlangoni. Mito ipo, na ina madaraja. Bahari hakuna.”

“Hakuna bahari,” Baltazari alirudia. Alikaa chini juu ya tuta, akafunika uso kwa mikono. “Maskini mke wangu! Rozari zote zile!”

Salome alimwacha alie kidogo. Kisha alisema, “Kuna jambo jingine. Nchi yetu ina ubalozi katika nchi nyingi, na kwa kawaida ubalozi unakuwa kwenye mji mkuu. Ndiyo maana watoto tunawafundisha nchi na mji wake mkuu. Ukijua hayo mawili, unajua mlango wa kugonga. Ubalozi wetu uko Algiers.”

Alitafuta namba kwenye simu yake, akapiga palepale. Alitaja jina la Loth, jina la baba yake, na kwamba anasoma chuo Algeria. Mtu wa upande wa pili alisema, “Mama, tupeni muda kidogo tuwasiliane na viongozi wa wanafunzi.”

*

Loth alipiga simu kesho yake alasiri. Siku moja tu ilitosha, baada ya wiki zote zile za Ujerumani na Italia.

Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo Coleta alikuwa ameacha kusema. Macho yalikuwa yamefumba, pumzi ikija na kukatika. Majirani walikuwa wamejaa chumbani. Tadei alikuwepo na wanakwaya wenzake, wakisali.

Salome aliweka simu sikioni mwa mgonjwa.

“Mama!” sauti ya Loth ilijaza chumba. “Mama, ni mimi Loth. Nilikuwa napiga kila siku, simu haipatikani. Mama, unanisikia?”

Coleta hakujibu. Debora alisema aliona kidole cha mama yake kikicheza juu ya blanketi. Wengine hawakukiona. Kama alisikia au hakusikia, Mungu ndiye ajuaye.

Baltazari alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kuinama amwambie mkewe kitu kimoja, kwamba hakuna bahari. Maneno mawili tu. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu aliowaambia Ulaya, na simu ilikuwa wazi, na masikio yote yalikuwa yamekaa tayari. Aliona haya. Akajiambia nitamwambia baadaye, wakitoka.

Watu walitoka jioni sana. Wakati huo Coleta alikuwa ameshakufa.

*

Baada ya matanga Baltazari alimwita Debora. Alimpa chokaa kwenye kopo.

“Mwanangu, nilikunyamazisha na wewe ndiye uliyekuwa unajua. Nisamehe. Nichoree dunia kwenye ukuta wa mbele, huu unaotazama barabara. Uchore kubwa, kila apitaye aone.”

Debora alichora mabara saba. Mwalimu Salome alisaidia kuandika nchi na miji mikuu. Watoto walianza kusimama pale wakitoka shule, wakitaja kwa sauti. Mpaka wachunga ng'ombe walisimama. Mtu akiuliza, “Mzee, Loth yuko sehemu gani ya Ulaya hapa?” Baltazari aliweka kidole juu, upande wa kaskazini ya Afrika.

“Hayuko Ulaya. Yuko Algeria, mji wa Algiers. Mimi niliwaambia uongo.”

Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito kusema hivyo. Sasa anasema bila kungoja kuulizwa.

Siku moja jirani yake Mboje, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alimletea habari kwamba binti yake amepata kazi ng'ambo.

“Ng'ambo wapi?” Baltazari aliuliza.

“Arabuni.”

“Arabuni siyo nchi, ndugu yangu. Nchi gani? Mji gani? Anaishi kwa nani? Namba ya ubalozi wetu unayo? Na mama yake amezishika namba hizo kichwani?”

Mboje alicheka. “Eeh, mzee, mbona unaniuliza kama polisi!”

“Nenda kaulize,” alisema Baltazari. Yeye hakucheka. “Nenda leo.”

Mboje alikwenda. Alirudi jioni pamoja na mkewe, na majibu yote: nchi ni Oman, mji mkuu Muscat, bara la Asia. Baltazari alimwonyesha ukutani. Mke wa Mboje aligusa mahali hapo kwa kiganja, akaacha mkono wake pale muda mrefu.

Loth alikuja likizo mwezi wa sita, wakati wa baridi. Alivaa ile sweta nene. Debora ndiye aliyeimalizia mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Walikwenda makaburini yeye na baba yake.

“Baba,” Loth aliuliza, “mama alijua niko wapi?”

“Hakujua. Nilimwambia kuna bahari.”

Baltazari alipiga magoti kama alivyopiga siku ile, akainama mpaka mdomo ukakaribia udongo.

“Mama Loth,” alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, “hakuna bahari. Ni nchi kavu tu. Angeweza kuja kwa miguu.”

Alikaa hivyo kwa muda, kama anangoja jibu. Kisha Loth alimshika mkono, akamwinua.