Penseli Iliyokataa Kutulia

Severa alichoka kabla jua halijaamua litokee upande gani. Alfajiri alipanga foleni ya maji kwenye bomba la mtaa. Foleni ile, aliwaambia wenzake, ilikuwa ndefu hata ndoo ya mwisho ilisimama Kigamboni. Akarudi, akamsaidia mama kukaanga vitumbua, kisha akamshika mkono mdogo wake Candida, wakashika njia ya shule, pale pale Kariakoo.

Candida alikuwa darasa la kwanza, na darasa la kwanza lilikaa sakafuni. Baridi ya saruji ilimpanda kifuani, kikohozi hakimwachi.

"Dada, tutapata madawati lini?"

"Jumatatu."

"Kweli?"

"Kweli. Nyamaza, utakohoa."

Madawati hayo yalikuwa kazi ya kipindi cha kujitegemea. Shule ilikuwa na msumeno mmoja tu, meno yake machache kama ya ajuza, kwa hiyo kazi iligawanywa. Darasa la sita la kina Severa lilipewa miguu ya upande wa kushoto. Miguu ya kulia ilikatwa na wanafunzi wa shule moja ya Magomeni. Mwalimu Elieshi, aliyefundisha kazi za mikono huku na huko, aliandika kipimo kimoja kwenye ubao wa kila shule: mita 0.575.

Severa, kiongozi wa kundi, akachukua rula ya mbao ya darasa. Rula ile ilionyesha sentimita tu. Akaiona hamsini na saba, akaiona hamsini na nane. Ile tano ya mwisho haikuwa na pa kukaa. Utepe wa kupimia wenye milimita ulikuwa ofisini, ng'ambo ya uwanja uliokuwa ukiungua kwa jua.

"Si ukaufuate?" Waridi, rafiki yake, alimwuliza.

"Ukaufuate wewe! Miguu yangu imekufa ganzi. Kata hamsini na saba. Hiyo tano ni makombo, hata kuku hayataki."

Ijumaa mkokoteni ukaleta miguu ya Magomeni, pamoja na Nassibu, kiongozi wao. Dawati la kwanza likapigiliwa misumari. Mwalimu Elieshi akaweka penseli juu yake. Ikabingirika kushoto, ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka tena.

"Vizuri," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Atakayekaa kushoto atafungua duka la penseli."



"Ni hawa watu wa Magomeni, Mwalimu!" Severa alidakia. "Rula hawajui kuisoma."

"Sisi?" Nassibu akatoa macho. "Dada, sisi tumekata hamsini na nane, yote. Rula yetu haina milimita, na hesabuni tumefundishwa kwamba tano ya mwisho inapandisha. Ninyi je?"

Severa akatazama dirishani. Kikohozi cha Candida kilisikika kutoka chumba cha pili.

"Hamsini na saba, Mwalimu," akasema polepole. "Ile tano niliitupa. Nilikuwa nimechoka, utepe sikuufuata."

Mwalimu Elieshi akashusha pumzi, akakaa juu ya mbao. "Mti mfupi haurefuki. Itabidi ya Magomeni yote ipunguzwe, na msumeno ni huo huo kikongwe. Zimebaki siku mbili tu kufika Jumatatu."

Severa akauchukua msumeno bila kuambiwa.

Jumamosi nzima walikata. Nassibu alishika mbao, Waridi alipima kwa utepe huku akinung'unika. Viganja vya Severa vikatoka malengelenge, na msumeno wenyewe, ungeapa, ulikuwa ukihema. Jioni Candida akaja na vitumbua. Akaweka penseli juu ya dawati la mwisho, akaingoja ianguke. Ikatulia.

"Dada! Imelala!"

Mwalimu Elieshi akawakusanya. "Nami nina fungu langu la kosa. Niliwapa namba bila kuuliza rula zenu zinaisomaje. Huyu akaishusha, yule akaipandisha, kila mmoja akaona yuko sawa. Kazi inayopita mikono mingi inataka kipimo kiandikwe namna moja, na kila mtu akifikishe kama alivyokipokea. Kuanzia leo tunaandika kwa milimita: 575. Namba nzima, haina mkia wa kukatwa."

Akamgeukia Severa. "Umesema kweli mbele ya watu, hilo nimeliona. Kuchoka si aibu, mwanangu. Ukichoka sema, tukupokee. Lakini uchovu wako usiulipe kwa kipimo cha wenzako. Umesikia?"

 Severa alikuwa amelala, shavu juu ya dawati jipya, na kichwa chake hakikuteleza hata kidogo.