Mikia Iliyopinda

Kila asubuhi kabla ya shule, Nauyaq alipita kwenye kibaraza cha baridi, akafunua kitambaa juu ya ndoo na kukoroga mafuta ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, kwa mwiko wa mti. Vipande vya shahamu vilielea kama mawingu, vikiyeyuka polepole bila moto. Nje, bahari ilikuwa imeganda, na kimya chake kilimwingia hadi akasahau kengele.

Bibi yake, Qutan, aliyaandaa kwa ajili ya karamu ya wazee wa kijiji. Lakini yalichelewa, na Nauyaq alikuwa ameshawatambia wenzake kwamba mafuta ya kwao ndiyo yangetangulia mezani. Bibi alipokwenda kulala kwa dada yake, Nauyaq aliihamishia ndoo kando ya jiko, akakikaza kifuniko ili nyumba isinuke. Bibi aliporudi, ndoo ilikuwa mahali pake. Mafuta yaling'aa kama asali.

Siku hiyo Mwalimu Ukpik alichora ubaoni molekuli ya mafuta: kichwa kidogo, mikia mitatu mirefu.

"Mafuta ya ng'ombe yana mikia mingi iliyonyooka. Hujipanga kama kuni, yakaganda. Ya sili yamejaa mikia iliyopinda, haipangiki."

"Kama nywele za Putu," mtu akanong'ona.

"Angalau ninazo," Putu akajibu.

"Ndiyo maana hutiririka hata kwenye baridi," mwalimu akaendelea. "Na kila seli yenu imezungukwa na utando wa mafuta, safu mbili, vichwa nje, mikia imefichwa ndani."

Nauyaq akazama ndotoni. Aliiona mikia ile ikiogelea ndani ya sili, ikimtunzia joto na akiba ya siku za njaa, kisha ikihamia ndani ya wazee, ikijenga kuta nyororo zisizoonekana. Ghafla akashtuka. Kumbe mafuta yale hayakuhitaji moto kamwe. Akakumbuka Bibi alivyozoea kuonya kwamba joto huyaharibu.

Alipofika nyumbani, Bibi alikuwa akiyamimina kwenye chupa. Kidole chake kilikuwa kinaelekea mdomoni.

"Bibi, usionje."

"Kwa nini? Yananukia vizuri."

"Niliyaweka kando ya jiko ulipoondoka. Nikayafunga kabisa."

Bibi alikipangusa kidole taratibu, akanawa kwa sabuni.

"Mjukuu wangu, sumu inayoota yakifungwa kwenye joto haina harufu wala rangi. Mzee Sakiaq angeyala karamuni, akafa huku ananisifu."

Waliyafukia mbali, mbwa wasikofika. Kisha Bibi akatoa shahamu iliyobaki kwenye shimo la barafu, akampa Nauyaq kisu aanze upya. Karamuni wazee walikula mafuta ya majirani.

"Ya kwenu yako wapi, mwenye majigambo?" Putu akauliza.

"Bado yanakula baridi," Nauyaq akajibu, uso umemwiva.

Jioni ya siku iliyofuata, Bibi alimkuta kibarazani na mwiko mkononi.

"Usiyaharakishe tena," alisema. "Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema. Aibu umeipata wewe, lakini wazee wetu wote wameamka leo."

Nauyaq akaendelea kukoroga. Mawingu yakayeyuka, moja baada ya jingine.